Sheria iliruhusu dawa, ikasahau njia ya kuipata



Bangi si neno ambalo mwalimu wa watoto hupenda kuliandika. Tunalijua kwa ubaya wake: kijana aliyeacha shule, ugomvi nyumbani, polisi mlangoni. Juma hili ninaliandika kwa sababu nyingine. Huko Marekani, tangu mwaka 1996, jimbo moja baada ya lingine limekuwa likibadilisha sheria ya mmea huo, ili mgonjwa apate dawa inayotoka ndani yake na mtu anayemtunza asifungwe. Leo majimbo karibu 40 kati ya 50 yana sheria ya namna hiyo. Na kati ya watu waliosukuma mabadiliko hayo kwa nguvu walikuwamo akina mama wenye watoto wa kifafa.

Ninataka tufuate safari yao kwa sababu hii. Katika vikundi vyetu tumezoea kusema, "Serikali iruhusu, mengine tutajipanga." Wenzetu wale waliomba ruhusa, wakapewa, halafu wakakuta mtoto bado hana dawa. Waliporudi bungeni mara ya pili na ya tatu, walikuwa wamejifunza kwamba ruhusa ni mwanzo tu. Jambo hilo linatuhusu hata sisi ambao hatuombi bangi.

Mmea mmoja, vitu viwili

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Ndani ya bangi mna vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. Cha kwanza kinaitwa THC. Hicho ndicho kinacholewesha na kuvuruga kichwa. Cha pili kinaitwa CBD. Hicho hakileweshi, na ndicho kilichofanyiwa utafiti mkubwa kwa kifafa cha watoto.

Kuna aina ya mmea huohuo ambayo THC yake ni kidogo sana. Wamarekani wanaiita hempu. Zamani walitengeneza nayo kamba na nguo, lakini sheria ya nchi iliifunga pamoja na bangi, kama mtoto mtulivu anayechapwa kwa kosa la ndugu yake. Ilifunguliwa kwa nchi nzima tarehe 20 Desemba 2018, kwa sheria ya kilimo iliyosema kwamba mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ni hempu, wala si bangi.

Jambo lingine la kuelewa ni kwamba kule kila jimbo lina bunge lenye nguvu kubwa, hata kuamua nani afungwe na nani asifungwe. Juu yake kuna sheria ya nchi nzima, na hiyo tangu mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi la dawa za kulevya zisizokubaliwa kwa matibabu yoyote. Kwa hiyo mama aliweza kuwa halali mbele ya jimbo lake na mkosaji mbele ya nchi yake. Akivuka mpaka wa jimbo na chupa ya mafuta ya mtoto mkobani, tayari lilikuwa kosa.

Mwanamke wa keki

Kabla ya akina mama wa kifafa, kulikuwa na mwanamke mmoja wa San Francisco, Mary Jane Rathbun. Alikuwa mhudumu wa mkahawa. Binti yake wa pekee alikufa katika ajali ya gari. Ukimwi ulipoingia mjini humo miaka ya 1980, wakati ambapo wengi waliogopa hata kumgusa mgonjwa, yeye alijitolea hospitalini kuwahudumia vijana waliokuwa wakifa, akawaita watoto wake. Wengi hawakuweza kula, chakula kilirudi. Aliwaokea keki za chokoleti zenye bangi, nao waliweza kula tena. Polisi walimkamata mara tatu, mwaka 1981, 1982 na 1992. Mara ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 69.

Habari ya bibi huyo ilienea, naye akaungana na wengine kudai sheria. Tarehe 5 Novemba 1996 wananchi wa California walipiga kura wenyewe, na zaidi ya asilimia 55 wakakubali. California ikawa jimbo la kwanza kumruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa muganga.

Sheria hiyo haikumtaja mgonjwa peke yake. Ilimtaja pia mtunza mgonjwa. Sisi tunamjua mtu huyo: ndiye anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda hospitalini, anayepika uji, anayekwenda kutafuta dawa usiku. Sheria ilisema ni yule aliyechaguliwa na mgonjwa, ambaye kila siku amebeba jukumu la makao, afya au usalama wake. Mgonjwa aliyelala hawezi kwenda farmasi. Ukimruhusu yeye peke yake na kumwacha anayemtunza akamatwe njiani, hujampa kitu.

Wajanja nao waliona mwanya huo. Wengine walilima na kuuza, wakajiita watunza wagonjwa. Mwaka 2008 mahakama kuu ya California ilitoa jibu ambalo mama yeyote angelitoa: kumpa mtu bangi hakukufanyi uwe mtunzaji wake. Mtunzaji ni yule aliyekuwa akimtunza tayari, kwa mambo mengine, kabla bangi haijaingia.

Mama Charlotte

Katika jimbo la Colorado alizaliwa mwaka 2006 mtoto Charlotte Figi, pamoja na dada yake pacha. Akiwa na miezi mitatu kifafa kilimkamata kwa mara ya kwanza, karibu nusu saa. Baadaye waganga waligundua ni aina ngumu inayoitwa Dravet, ambayo dawa nyingi haziiwezi. Alipofika miaka mitano alikuwa akikamatwa mara 300 kwa juma. Alikuwa ameacha kutembea, kusema na kula. Hesabuni, mama zangu: mara 300 kwa juma ni zaidi ya mara 40 kwa siku. Mama yake, Paige, alilala saa ngapi?

Colorado ilikuwa imeruhusu bangi ya matibabu tangu mwaka 2000, lakini kwa mtoto ilitakiwa sahihi ya waganga wawili. Wengi walikataa kwa sababu ya umri wake. Mama Charlotte aliendelea kuuliza mpaka akawapata wawili, mwaka 2012. Kisha akakutana na ndugu wa familia ya Stanley, wakulima waliokuwa na mmea wenye CBD nyingi na THC kidogo, ambao wanunuzi wengi hawakuutaka kwa sababu haukulewesha. Wakakamua mafuta, mtoto akapewa kwa matone. Mama yake alieleza kwamba juma la kwanza kifafa kilinyamaza, na baadaye kikawa kinamkamata mara mbili au tatu kwa mwezi. Charlotte akaanza kutembea, kula mwenyewe na kusema.

Televisheni ilipoonyesha habari hiyo Agosti 2013, familia nyingi zilihamia Colorado kutoka majimbo yaliyokataza. Magazeti yaliwaita wakimbizi wa dawa. Sisi tunajua uzito wa neno ukimbizi, na tunajua kwamba mwenye gari na akiba hafanani na mama aliyekimbia risasi na godoro kichwani. Hata hivyo, jambo moja linafanana: nyumba iligawanyika. Mara nyingi bwana alibaki nyuma kulinda kazi, na mama akaenda na mtoto mahali asipomjua mtu.

Chupa halali, duka hakuna

Mmoja wa watoto waliohama hivyo alikuwa msichana wa Georgia aitwaye Haleigh. Wazazi wake na wenzao waliwaendea wabunge, na tarehe 16 Aprili 2015 gavana akatia sahihi sheria yenye jina la mtoto huyo. Iliruhusu mgonjwa aliyeandikishwa, au mzazi wake, kuwa na mafuta yenye THC isiyozidi asilimia 5, mpaka kiasi cha karibu mililita 600. Magonjwa manane yalitajwa, kati yake kansa, kifafa na ugonjwa wa seli mundu, ambao huku wengi wetu tunauita SS.

Siku ile familia zililia kwa furaha. Halafu likaja swali la kawaida kabisa: tunanunua wapi?

Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kulima mmea huo Georgia. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukamua mafuta wala kuyauza. Na kuyaleta kutoka jimbo lingine kulikuwa kosa kwa sheria ya nchi. Mama alikuwa na kadi ya serikali mkononi inayosema anaweza kuwa na chupa, lakini kila njia ya kuifikia chupa hiyo ilimpeleka kwenye kosa. Mbunge aliyeandika sheria yenyewe, Allen Peake, alikiri hadharani kwamba alikuwa akisaidia mafuta yazifikie familia zilizoandikishwa, kwa sababu sheria yake haikuwaachia mlango mwingine.

Bunge la Georgia lilirudi kwenye jambo hilo mwaka 2019, likaruhusu kulima na kutengeneza ndani ya jimbo. Baadaye kukawa na kuchagua makampuni na mabishano juu yake. Duka la kwanza lilifunguliwa Aprili 2023. Tangu sahihi ya mwaka 2015 miaka minane ilikuwa imepita. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano sheria ilipopita alikuwa na miaka kumi na mitatu duka lilipofunguliwa.

Mlango wa shule

Sehemu hii inanigusa kama mwalimu. Tuseme dawa imepatikana na mama hana kosa. Mtoto anaipata asubuhi na jioni, lakini anaihitaji pia mchana, wakati yuko darasani. Nani atampa? Shule nyingi zina kanuni kwamba bangi ya namna yoyote isivuke geti. Kwa kulinda watoto wote, kanuni hiyo ilimtoa nje mmoja.

Colorado ilikutana na jambo hilo kupitia mvulana aitwaye Jack Splitt, aliyekuwa na ulemavu wa ubongo unaokaza viungo na kuleta maumivu makali. Mama yake alikwenda bungeni. Mwaka 2015 sheria ilisema wilaya za shule zinaweza, zikipenda, kuweka utaratibu wa dawa hiyo. Hakuna hata moja iliyoweka. Neno "zikipenda" lilitosha kuwaacha wote wakae kimya.

Mwaka 2016 mama huyo na wenzake walirudi. Sheria mpya, inayojulikana kwa jina la Jack, iliondoa "zikipenda". Mzazi au mtunzaji akapata haki ya kuingia shuleni na kumpa mtoto dawa isiyovutwa. Jack alifariki Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 15.

Na bado njia haikuwa imekamilika. Mama anayefanya kazi hawezi kuacha kazi kila adhuhuri akimbilie shuleni. Kwa hiyo mwaka 2018 bunge lilifungua tena: muuguzi wa shule, au mfanyakazi mwingine aliyekubali, aweze kumpa mtoto dawa hiyo. Sheria tatu kwa miaka minne, ili matone machache yafike mdomoni mwa mtoto saa sita mchana.

Je, dawa hiyo ni kweli?

Mama atauliza, na ni haki yake kuuliza: hayo ni maneno ya wazazi, waganga wanasemaje? Mwaka 2017 jarida kubwa la utabibu lilichapisha jaribio la watoto na vijana 120 wenye kifafa cha Dravet. Waliopewa CBD safi, hesabu yao ya katikati ya mashtuko ilishuka kutoka 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Waliopewa maji yanayofanana na dawa walikwenda kutoka 14.9 hadi 14.1, yaani karibu palepale. Ni msaada mkubwa, lakini si muujiza. Wachache tu waliacha kabisa kukamatwa, na dawa ilikuwa na madhara yake: kuhara, kutapika, usingizi mwingi, na kwa wengine vipimo vya ini vilivurugika. Tarehe 25 Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali, kwa jina la Epidiolex. Bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Kwa asiye na bima, huo ni mlango mwingine uliofungwa.

Upande wa pili, soko lilijaa chupa za kila aina. Watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti na kuzipima, matokeo yakatoka mwaka 2017. Ni 31 tu kwa kila 100 zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Bidhaa 18 zilikutwa na THC, kile kinacholewesha. Fikirini mama anayempimia mtoto matone kwa kuamini karatasi hiyo. Ndiyo maana sheria nzuri haiishii kumwondolea mama kosa. Inamlazimisha pia mwuzaji apime na aandike ukweli.

Tena nisieleweke vibaya. Mafuta yaliyopimwa na bangi inayovutwa nyuma ya soko ni vitu viwili tofauti. Moshi huo haumponyi mtoto kifafa, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua unaweza kuharibu masomo, kumbukumbu na hata akili yenyewe. Asitokee mtu akasema mwalimu ameruhusu.

Na sisi huku?

Kwetu Kongo bangi ni kosa kwa sheria. Jirani zetu wa Rwanda waliruhusu mwaka 2021 kuilima kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, na kuivuta bado ni kosa kwao. Mimi siandiki ili tudai bangi. Mtoto wetu wa kifafa ana hitaji la karibu zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa duniani, na karibu 80 kwa kila 100 kati yao wanaishi katika nchi za kipato kidogo au cha kati, kama yetu. Linasema pia kwamba mpaka 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila kukamatwa kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Dawa za kutibu wengi wao ni za zamani na bei yake ni ndogo. Mojawapo ni fenobarbitali, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gardénal.

Lakini fenobarbitali nayo iko chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa sababu mtu anaweza kuitumia vibaya. Ulinzi huo una maana. Ila karatasi zake, pamoja na barabara mbaya na akiba ndogo ya vituo, vinaweza kumfanya mama asikie, "Dawa imekwisha, rudi juma lijalo." Na kifafa hakingojei juma lijalo. Mama wa Georgia mwenye kadi bila duka, na mama wa kwetu mwenye karatasi ya muganga bila vidonge, wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Basi kikundi kikitaka kusimama mbele ya mganga mkuu wa zone, mbunge au mkuu wa shule, kisiombe "ruhusa" tu. Kiulize njia yote. Haya ni maswali manne tunayoweza kuzungumzia mkutanoni:

1. Dawa ya kifafa inapatikana wapi hapa kwetu, kwa bei gani, na ikikosekana nani anapaswa kujibu?

2. Nani anaruhusiwa kuichukua kwa niaba ya mtoto? Bibi anayemlea yatima anakubaliwa kituoni, au anarudishwa?

3. Mtoto akihitaji dawa saa za darasa, nani shuleni anaiweka na kumpa? Imeandikwa mahali, au inategemea moyo wa mwalimu wa mwaka huu?

4. Mfuko wa msaada wa MUSO yetu unaweza kununua akiba ya mwezi mmoja kwa familia yenye mgonjwa wa kifafa, ili asikatishe dawa?

Swali la nne nimeliweka kwa makusudi. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kinaweza kuua. Mama asiiache kwa sababu mtoto anaonekana amepona, wala asiibadilishe kwa majani ya jirani bila kuuliza muganga.

Na mtoto akianguka mbele yenu, nyumbani, sokoni au kanisani, msimkimbie. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kumgusa, si kwa kula naye sahani moja. Mwondoe karibu na moto na maji. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Usimbane, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Akilegea, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: ikizidi dakika tano, au akikamatwa tena kabla hajaamka, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Atakapoamka atakuwa amechoka na huenda ameona haya. Mpeni maji akiwa ameamka kabisa, mwiteni kwa jina lake, na kesho yake mrudisheni shuleni. Sisi walimu tuna kazi ya kumpokea.